Gari la kale: usiliuze kwa kilo kabla ya kusoma kadi yake

KANDO ya barabara ya Morogoro, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, mizani ya vyuma chakavu haikosi kazi. Mabati, vyuma vya ujenzi, fremu za pikipiki na mabodi ya magari yaliyokatwa kwa gesi hupimwa hapo, hulipwa taslimu na kupakiwa kwenye malori kuelekea kwenye tanuri za viwanda vya chuma vya Pwani na Dar es Salaam. Upande wa pili wa mkoa, katika vijiji na mitaa ya Kisarawe, wanunuzi wa vyuma hivyo hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna mkweche umelala uani.

Mara nyingi mkweche huo ni mzigo kweli, na mwenye nyumba hufurahi kuondolewa takataka. Lakini mara moja moja kinachopakiwa ni Peugeot 404, Datsun ya miaka ya 1970 au Land Rover ya zamani ambayo kadi yake bado imo kabatini, imehifadhiwa pamoja na vyeti vya marehemu. Gari la namna hiyo lina bei mbili. Ya kwanza ni ya chuma, ambayo hupatikana siku hiyo hiyo. Ya pili ni ya jina lake, ambayo huhitaji subira, karatasi na mnunuzi anayelijua. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo somo la wiki hii. Linamhusu mrithi anayetaka kuuza, na pia mwekezaji mdogo aliyesikia kwamba magari ya kale yanapanda bei akataka kuweka fedha zake humo.

KWA NINI BEI ZIMEPANDA

Habari zinazowavutia wengi ni zile za minada ya ng'ambo. Mwezi Agosti 2018, huko Monterey, Marekani, gari la mbio aina ya Ferrari 250 GTO la mwaka 1962 liliuzwa kwa dola za Marekani milioni 48.4. Mwaka 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa nchini Ujerumani kwa Euro milioni 135. Bei hizo hazimsaidii mfanyabiashara wa Kibaha, kwani magari yenyewe yanahesabika. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Datsun 240Z. Gari hilo la spoti lilipoingia soko la Marekani mwaka 1970 liliuzwa kwa dola zipatazo 3,500, na halikuwa gari la mabwanyenye. Mwezi Januari 2020, moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa vizuri sana, ilinunuliwa mnadani kwa dola 310,000. Hiyo ni bei ya gari moja lililo bora kuliko mengine, wala si bei ya kila Datsun, lakini inaonyesha kwamba hata gari lililotengenezwa kwa wingi linaweza kuwa mali.

Sababu za kupanda huko ni tatu. Kwanza, mzigo hauongezeki. Kiwanda kikishaacha kutengeneza, magari hupungua kila mwaka kwa ajali, kutu na mizani ya vyuma. Land Rover ya asili, iliyoanza mwaka 1948 na baadaye kuitwa Defender, ilifungiwa uzalishaji Januari 2016 baada ya kutengenezwa takriban milioni mbili. Tangu hapo, anayeitaka hana budi kununua kwa mtu aliye nayo.

Pili, wanunuzi wamekua. Kijana aliyeliona gari akiwa na miaka 15, asiweze hata kuligusa, hulitafuta akiwa na miaka 50 na fedha mfukoni. Kwa hiyo magari ya kipindi fulani hupanda kizazi chake kikifika umri wa kuwa na fedha, na huweza kushuka kizazi hicho kikiondoka.

Tatu, sheria za nchi tajiri. Marekani huruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingizwa bila kutimiza masharti ya usalama yanayobana magari mapya ya kutoka nje. Uingereza huliondolea kodi ya barabara gari lililopita miaka 40. Sheria hizo zimefanya umri, ambao kwetu hushusha bei ya gari, uwe sababu ya kuipandisha huko.

JINA LILILOPATIKANA KWENYE VUMBI LETU

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika jina la magari hayo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lililoshinda Safari lilikuwa limethibitishwa mbele ya wateja waliojua barabara mbaya ni nini, na wauzaji wa magari walilitumia jambo hilo katika matangazo yao.

Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mwaka 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973, Ford Escort mwaka 1972 na 1977, na Peugeot 504 mwaka 1975 na 1978. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambayo huwaleta Kenya madereva kutoka Ulaya na kwingineko wakiendesha Porsche 911, Escort na Datsun za enzi hizo.

Kwa hiyo mnunuzi akiulizia Peugeot 404 au Datsun ya zamani katika ukanda huu, huwa anatafuta kipande cha historia hiyo pamoja na bati lenyewe. Hata hivyo mfanyabiashara asijidanganye. Magari yaliyoshindana yanajulikana moja moja, kwa namba zake na picha zake. Gari la ofisi au la familia lililokuwa la aina ile ile halipati bei ya gari la mashindano. Linachopata ni wapenzi wa aina hiyo, na hilo peke yake ni bora kuliko bei ya kilo.

WENYE MAGARI NDIO SOKO

Hapa nchini gari la kale halina bei ya kutangazwa kila asubuhi kama hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Bei hutokana na mazungumzo ya wenye magari wenyewe, wanaofahamiana kwa gari kabla ya kufahamiana kwa jina. Wao ndio wanaojua nani ana kabureta ya ziada, fundi gani anajua kunyoosha bodi bila kujaza puti, na mzee gani amekataa kuuza mara tatu. Wapo wenye gari wanaokataa fedha nzuri wakihisi kwamba mnunuzi atang'oa injini ya asili. Kwa mtu wa nje hayo huonekana mapenzi tu, lakini ndiyo yanayolinda idadi ya magari halisi, na idadi hiyo ndiyo inayolinda bei.

Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Huko waamuzi hukagua rangi, viti, injini na hata uvungu. Gari likipata alama nzuri huko, mnunuzi ajaye huwa na cha kuonyeshwa. Hapa Tanzania, Oktoba 2024, jiji la Arusha lilikuwa na tamasha la Land Rover ambalo lengo lililotangazwa lilikuwa kuvuka rekodi ya dunia ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Mamia ya Land Rover yalijitokeza, yakiwamo ya utalii, ya mashambani na yaliyokuwa hayajatoka uani kwa muda mrefu.

Funzo kwa mfanyabiashara ni kwamba asiyewafahamu watu hawa hana soko. Anaweza kuwa na gari zuri akalikalia miaka mitatu, kisha akalitoa kwa bei ya kutupa kwa dalali wa kwanza anayegonga hodi.

MAMBO MATATU YA KUKAGUA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa gari la kale, daftari ni kadi. Jambo la kwanza la kukagua ni kama namba ya chasisi na namba ya injini zilizoandikwa kwenye kadi ndizo zilizogongwa kwenye chuma. Zikilingana, gari lina utambulisho wake. Namba ya chasisi ikiwa imesagwa, imepakwa rangi nzito au haifanani na ya kadi, mnunuzi mwenye busara huondoka bila kujadili bei. Hapo anauziwa mbuzi kwenye gunia, na pengine mbuzi mwenyewe ni wa wizi.

Mwenye kadi akiwa amefariki, warithi hawana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu funguo wanazo. Ni lazima msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, kisha yeye ndiye atie saini mkataba na fomu za kuhamisha umiliki za Mamlaka ya Mapato Tanzania. Familia nyingi huogopa kazi hiyo, hasa zikikumbuka madeni ya leseni ya gari yaliyokuwa yakilimbikizwa kila mwaka hata kwa gari lililo juu ya mawe. Ada hiyo ya mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18. Kwa hiyo sababu moja kubwa iliyowafanya wengi waone afadhali kukata gari vipande imeondoka, ingawa si wote waliopata habari.

Jambo la pili ni uhalisi. Hapa ndipo magari mengi ya Pwani huanguka. Katika miaka ya shida ya fedha za kigeni, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, spea zilikuwa adimu na mafundi walifunga chochote kilichoingia. Land Rover nyingi zilitolewa injini zake zikafungwa za Toyota, Isuzu au Nissan. Kwa kazi ya shamba ulikuwa uamuzi wa akili, na gari liliendelea kuleta muhogo na mkaa sokoni. Lakini kwa mnunuzi wa gari la kale, injini ngeni hupunguza thamani sana. Mwenye gari ambaye injini ya asili bado imelala stoo, hata ikiwa mbovu, asiiuze peke yake.

Jambo la tatu ni kutu. Kibaha na Kisarawe zina unyevu wa pwani, na gari lililokaa chini ya mwembe kwa misimu kumi ya mvua huoza kuanzia chini. Bodi ya Land Rover ya zamani ni ya alumini, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo huonekana nzima hata wakati fremu yake ya chuma imekwisha. Mnunuzi aingie uvunguni na nyundo ndogo. Alumini hiyo pia ni hatari kwa namna nyingine. Waundaji wa masufuria huitafuta, na milango ya Land Rover huweza kuishia jikoni kabla ya mwenyewe kujua alichouza.

Kwa upande wa mafundi, Kibaha haiko nyuma. Mji huu ulikuwa na kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori na mabasi ya Scania, na ndipo lilipo Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa na Serikali chini ya jeshi kwa ajili ya teknolojia ya magari. Anayetafuta fundi wa kuchonga kipuri kisichopatikana dukani aanze kuuliza hapo Kibaha kabla ya kuagiza ng'ambo.

HESABU YA MWEKEZAJI

Tuchukue mfano wa mwekezaji mwenye sh. milioni 19. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, kila mmoja aweke zake.

Ananunua gari lenye kadi safi kwa sh. 5,000,000. Bodi na rangi sh. 6,000,000. Injini na gia boksi sh. 4,500,000. Umeme, viti na matairi sh. 3,500,000. Jumla sh. 19,000,000. Kila mwaka anatumia sh. 900,000 kwa banda, bima, betri na matengenezo madogo, na kwa miaka minne ni sh. 3,600,000. Gari limemgharimu sh. 22,600,000.

Analiuza kwa sh. 32,000,000, dalali anachukua asilimia tano, yaani sh. 1,600,000. Kinachobaki ni sh. 30,400,000, na faida ni sh. 7,800,000. Mtu akisikia "nilinunua kwa tano nikauza kwa thelathini na mbili" hushtuka, lakini daftari linasema vingine.

Mwenzake akaweka sh. 19,000,000 zile zile kwenye hatifungani za Serikali zinazolipa, tuseme, asilimia 10 kwa mwaka. Kwa miaka minne amepata riba ya sh. 7,600,000 na mtaji wake upo. Tofauti kati yao ni sh. 200,000 tu. Mwenye hatifungani hakupanda daladala kutafuta kabureta, wala hakuongeza sh. 900,000 kila mwaka.

Sasa mnunuzi wa gari achelewe kupatikana miaka miwili zaidi. Gharama zinaongezeka kwa sh. 1,800,000 na faida inashuka hadi sh. 6,000,000 kwa miaka sita. Mwenye hatifungani katika muda huo amefikisha sh. 11,400,000. Na kama bei ya kuuzia ingekuwa sh. 28,000,000 badala ya 32,000,000, mwenye gari angebaki na faida ya sh. 4,000,000 kwa miaka minne, akilala kila siku na hofu ya moto, wizi na kutu.

Hesabu hiyo haisemi kwamba gari la kale ni biashara mbaya. Inasema kwamba sehemu kubwa ya faida humezwa na matengenezo, na kwamba anayenunua kwa faida tupu, bila kulipenda gari wala kuwajua wenye magari, anabeba hatari asiyolipwa.

Ipo pia hatari ya soko lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za Ferrari na magari mengine ya spoti zilipaa duniani, nyingi zikisukumwa na fedha za mikopo. Baada ya 1990 ziliporomoka, na walionunua kileleni walisubiri miaka mingi kuona tena bei zao. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba jambo hilo halitarudi.

Wengine hufikiri njia ya mkato ni kuagiza magari ya kale kutoka nje. Hapo pia kalamu itangulie. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Tanzania haikuzuia, lakini juu ya ushuru wa forodha na VAT hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Mwagizaji apate hesabu ya TRA mkononi kabla ya kutuma hata senti moja.

NANI HASA ANAFAIDIKA

Ukiyaweka yote hayo kwenye mizani, anayefaidika kwa uhakika zaidi ni yule ambaye gari tayari analo. Hakutoa mtaji, na bei yoyote juu ya ile ya chuma ni faida yake. Lakini huyo huyo ndiye anayepoteza zaidi kwa kutojua. Kwa mfano, bodi ya kilo 900 kwa sh. 600 kwa kilo humletea sh. 540,000. Gari hilo hilo, likiwa na kadi na namba zinazolingana, yule mwekezaji wetu alikuwa tayari kulilipia sh. 5,000,000 hata kabla ya kulitengeneza. Likishapitiwa na gesi ya kukatia, hakuna mnada utakaolirudisha.

Kwa mwenye gari, basi, hatua ni hizi: atafute kadi, alinganishe namba, alifunike gari na kuliinua juu ya matofali lisiguse udongo, asiuze kipande kimoja kimoja, aanzishe mirathi ikiwa bado, na apate bei za watu wasiopungua watatu, mmoja wao awe mwenye gari la aina hiyo hiyo.

Mnunuzi wa vyuma chakavu naye ana nafasi yake. Hakuna anayeingia nyua nyingi za Kisarawe na Kibaha kuliko yeye. Akijifunza kuuliza kadi kabla ya kuuliza uzito, anaweza kupata kamisheni ya kuunganisha muuzaji na mnunuzi ambayo ni kubwa kuliko faida ya tani kadhaa za mabati. Pia atajikinga na kesi ya kununua mali ya warithi wasiokubaliana.

Mwekezaji mdogo naye aanze na fedha ambazo hazina kazi nyingine. Ada ya shule, mtaji wa duka na mkopo wa benki visiingie kwenye gari ambalo siku ya kuuzwa kwake haijulikani. Na magari mengi ya zamani yanayoonekana pembezoni mwa barabara, yasiyo na kadi, yasiyo na injini yake na yaliyokwisha kwa kutu, yana bei moja tu. Hayo yaende kwenye mizani bila majuto.